Dole Gumba Juu ya Paa la Gari Jekundu

Mwenyekiti wetu alitaka kumfuta marehemu kwa msasa, mchana kweupe, mbele ya mjane wake, huku watu wakitafuna soseji.

Sitanii. Nilikuwepo.

Hapa Flint, Michigan, tuna chama cha wazee wanaounda magari madogo ya plastiki. Yale ya kwenye boksi: unakata vipande, unagundisha, unapaka rangi. Wengi tulitoka kiwanda kimoja cha magari ya kweli. Sisi tulikuwa kwenye laini, tukiunganisha magari. Preston Aldrich alikuwa msimamizi, akitutazama kama uchafu wa kiatu.

Kiwanda kikafungwa. Preston akahamia uenyekiti wa chama. Mtu wa aina ile hata umpe choo akiongoze, ataulizia kofia.

Sasa, Dale Kubiak, rafiki yangu wa laini, alifariki mwaka juzi. Mkewe Verna akaniletea gari dogo jekundu ambalo mji mzima unajua ni la Dale. Ndilo lililobeba kombe la kwanza la chama, tukiwa bado vijana.

Lilikuwa hoi. Gurudumu moja halipo, kioo kimegeuka njano. Na juu ya paa kuna alama ya dole gumba.

Gundi ya enzi zile ilikuwa inayeyusha plastiki. Ukigusa kabla haijakauka, kidole chako kinabaki pale maisha.

"Orrin, nataka lisimame kwa magurudumu manne," Verna akaniambia. "Lakini hiyo alama usiiguse. Ukiigusa, usirudi kwangu."

"Shemeji, labda nife."

Nikaingia kazini. Nikaliweka kwenye friza mpaka gundi kuukuu ikaachia ekseli yenyewe. Gurudumu nikalitoa kwenye gari bovu la rika lake, nikalipaka vumbi lisije likang'aa kuliko wenzake. Kioo nikakisugua kwa dawa ya meno. Rangi ilikuwa na michirizi ya brashi; nikaiacha na michirizi yake.

Paa? Kitambaa cha maji tu, nimebana pumzi.

Siku ya maonyesho tukakutana kwenye ukumbi wa kanisa. Chama kilipanga kuliweka gari kwenye kabati la kumbukumbu, na jina la Dale chini yake.

Preston akaja na kitochi chake, akainama, akakunja pua, akaniita kwa jina la ukoo kama enzi za kiwanda.

"Majewski, ulilala kazini? Paa lina kovu."

"Si kovu. Ni kidole."

"Kidole ni kosa. Kabati langu haliingizi makosa."

"Kabati lako? Ulilizaa?"

Watu wakacheka. Jamaa akatoa msasa mfukoni. Msasa! Wenzake wanatembea na leso.

"Nalainisha kidogo, napuliza rangi, linakuwa jipya. Dale mwenyewe angeshukuru."

Nikamdaka mkono.

"Dale akushukuru wewe? Uliyemnyima ruhusa ya kumzika mama yake?"

"Hayo ni ya kale, Majewski."

"Kwako! Ulimtafuna akiwa hai, sasa unamfuata kaburini? Hiki ni kidole cha mfanyakazi, bwege wewe! Kisiguswe!"

Wenzangu wa laini wakapiga makofi. Nikapanda juu ya kiti. Nikaeleza mgomo wetu wa kiwandani, nikaeleza chumba cha rangi kisicho na hewa, nikaeleza kila kikohozi cha Dale. Preston alikuwa mwekundu kuliko lile gari.

Verna akasimama.

"Madume, mmemaliza?"

Akasogea mezani. Akaweka dole gumba lake juu ya paa. Likaingia kwenye alama kama mguu kwenye kiatu chake.

"Dole la Dale lilikuwa nene kama hiyo soseji yako, Preston. Lingefunika paa lote."

Akageukia ukumbi mzima.

"Hili gari niliunda mimi, jikoni kwangu. Dale hakuwa na subira ya kugundisha hata kiti. Nilipolileta kwenu, mliniambia meza ya wanawake ni ile ya keki. Ndipo Dale akaliandikisha kwa jina lake. Alikuwa akiona haya mpaka anakufa, nikamfichia. Sasa hayupo."

Preston akadakia. "Lakini Verna... kombe lina jina la Dale. Kanuni za chama..."

"Kanuni zako kapigie deki."

Nikachekelea. "Umesikia, bosi?"

"Na wewe Orrin, funga domo." Hakuniangalia hata usoni. "Umehubiri kidole cha mfanyakazi mpaka povu likutoke. Umekaa na hilo gari mezani kwako. Uliniuliza ni kidole cha nani?"

Preston hajawahi kuninyamazisha. Polisi wa mgomo hawajawahi. Verna aliniweza.

Akasema gari litaingia kabatini kwa jina lake, au haliingii. Preston akasema lazima kamati ikae. Verna akalibeba gari kwa mikono miwili, akatoka nalo.

Kamati haijakaa mpaka leo. Kabati ni tupu, na yule mwoga anawaambia wageni gari liko matengenezoni.

Nyie mnaopenda kutetea vya wanyonge, nasema na nyie, na mimi nimo: kabla hujapanda juu ya kiti kupigania mkono wa mtu, uliza ni mkono wa nani. Mwenyewe anaweza kuwa hai, amekaa nyuma yako, anakusikia ukimpa mumewe sifa zake.