Mume wangu alikula firigisi ya baba yake, lawama nimebeba mimi

Admin, naomba ufiche jina langu, mume wangu naye anafuatilia page hii. Nina miaka ishirini na tisa, ni Mnyiramba niliyeolewa kwa Wanyaturu, tunaishi Utemini hapa Singida mjini na mtoto wetu mmoja. Mtanisamehe kama maelezo yangu yamepoa. Hata machozi sina.

Napenda kupika vitu ninavyoviona kwenye simu. Majuzi nilikuwa na hamu ya taco, zile chapati ndogo za Kimeksiko zinazokunjwa na nyama ndani. Baba mkwe akaja kututembelea kutoka kijijini, kaleta jogoo mzee. Nikasema hapa hapa. Jogoo kama yule ukimpika haraka mtatafuna mpaka taya ziume, kwa hiyo nilimbandika asubuhi na vitunguu, nyanya na pilipili, moto mdogo wa mkaa, mpaka nyama ikawa inaachia mfupa yenyewe. Nikaichambua yote nyuzi nyuzi. Chapati nilichoma za unga wa mtama, pembeni kachumbari yenye ndimu. Jamani, nyumba ilinukia!

Firigisi sikuichambua. Ile ni ya baba, hata kwetu Iramba ni hivyo hivyo. Niliiweka kwenye kibakuli, nikafunika, nikaenda kumwogesha mtoto. Narudi, kibakuli kitupu, mume wangu analamba vidole. Nikamuuliza kwa nini amefanya vile. Akacheka: "Si umechambua kuku mzima? Mzee atajuaje? Mwambie imo humo humo."

Mzee alikunjua chapati ya kwanza, akapekua nyama kwa kidole, akakunjua ya pili. Akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, kuku wangu hakuwa na firigisi?" Nikamwangalia mume wangu. Akainamisha kichwa, akasema, "Baba, msamehe tu. Huyu na mapishi yake ya kwenye simu, kaichanganya na nyama." Mzee akanawa mikono, akaaga. Hakumeza hata kipande.

Sasa ukoo umekaa. Wanasema nimemdharau mzee, na Jumapili natakiwa kwenda kijijini na mbuzi, nipige magoti mbele ya watu wote. Wifi yangu mkubwa alinipigia: "Kwani kwenu hamfundwi?" Nikamwambia asante wifi, nikakata simu. Mume wangu ananibembeleza nikubali. "Wewe watakusema kidogo, yataisha. Mimi ni mtoto wa kwanza. Nikisema nimekula firigisi ya baba naye bado yuko hai, wataona nimeshamzika."

Zamani ningelia, ningebeba mtoto nikarudi kwetu. Sasa namsikiliza kama nasikiliza taarifa ya habari. Nampikia, namfulia, akiniuliza namjibu. Jana aliniuliza kama nimemkasirikia, nikaitafuta hasira sikuiona, na hilo ndilo linaloniogopesha. Mzee yule ananipenda, tangu nimeolewa ananiita mwanangu. Nikisema ukweli nitamvunja moyo yeye na kumwaibisha mwanawe. Nikinyamaza, nitaishije na mwanaume aliyeniangalia nikihukumiwa huku mdomo wake umejaa?

Mbuzi ameshanunuliwa, yuko hapa uani. Mume wangu ndiye anayemkatia majani, kwa upendo kabisa. Ndugu zangu mlio kwenye ndoa, niambieni: Jumapili nipige magoti, au nifungue mdomo?