Fundi Aliyelaumiwa kwa Kutengeneza

Juzi pale Mubi nilikuwa kwa fundi wa radio, nangojea simu yangu ijae chaji, akaingia papa mmoja, yaani baba wa kuheshimiwa, mfanyabiashara wa kutoka Butembo. Papa huyu anakusanya kabati za zamani za maduka ya michezo ya video, zile ndefu zenye televisheni na manette za kushika mkononi na kuchezea, ambazo zilisimamishwa dukani ili mteja ajaribu mchezo kabla ya kuununua. Moja alikuwa ameiacha hapo itengenezwe.

Fundi akampangusia kiti. “Papa, mashine yako iko muzima. Rangi nimerudisha, televisheni inawaka. Na ile ugonjwa yake ya kukatika kila dakika kumi, nimeitoa.”

Papa hakukaa. “Umeitoa namna gani?”

“Kulikuwa kadude ndani kenye kalikuwa kanakata mchezo. Nimekang'oa. Sasa unacheza mupaka unachoka.”

Papa akashika kichwa kwa mikono miwili. “Kaka, ile haikuwa ugonjwa. Mu duka walifanya vile kusudi: mutu anaonja, inakata, anaenda kununua. Ile njo kitu nilitafuta hii miaka yote.”

Nimeona mafundi wengi wakilaumiwa kwa kuharibu. Kwa kutengeneza, ilikuwa mara yangu ya kwanza.

Fundi akapekua kopo lake la vyuma vilivyotupwa, akatoa kale kadude, akakapuliza vumbi.

“Basi Papa, uniachie siku tatu,” akasema kwa heshima yote, “nikuharibie muzuri.”