Mimi na Babu Tulivyomgombea Bibi

Enzi zetu pale Crescent Town, mtaa wetu wa ughaibuni, ghorofa ya kumi na nne, Jumamosi ilianza kwa vita vya mapenzi. Najua kila kizazi husifu utoto wake, na mimi si mwepesi wa kuamini sifa hizo. Hivi vita naviamini kwa sababu nilipigana.

Baba alipata dukani, kwenye vitu vya mitumba, kanda ya video yenye filamu fupi ya zamani, isiyo na rangi wala sauti. Wanaume wawili, mnene na mwembamba, wanamgombea binti mmoja. Wanapakana keki usoni, wananyang'anyana ngazi chini ya dirisha lake, mwishowe wote wanatumbukia bwawani, naye binti anakunjua mwavuli, anaondoka zake. Kwa kuwa walikuwa bubu, Babu aliwasemea.

"Huyo mnene ni mimi," alisema. "Mwenye miguu ya kuku ni wewe, mwizi wa mke wangu!"

Maana kwa utani wetu, Bibi alikuwa mchumba wangu. Utani huo niliupeleka hadi shuleni: nilimwambia mwalimu, kwa Kiingereza safi, kwamba nina mchumba wa miaka sabini na tutaoana nikimaliza darasa la pili. Mama aliitwa siku hiyohiyo.

Kochi letu lilitosha watu wawili. Upande mmoja alikaa Bibi na sahani ya vitumbua vya moto vinavyonukia iliki. Upande wa pili, mshindi. Aliyeshindwa alikaa kwenye zulia. Hakimu alikuwa Bibi mwenyewe, na sheria yake ilikuwa moja: umbembeleze kwa Kiswahili. Mimi niliyezoea kujibu kwa Kiingereza nililijua zulia lile uzi kwa uzi.

Siku moja yule mwembamba akadondosha shada, nami nikamsemea: "Bibi, maua yangu imeanguka kwa ajili yako."

"Yameanguka!" Babu akaruka. "Bwana harusi hajui hata ngeli! Kaa chini!"

"Mwache," Bibi akasema. "Wewe hata hayo maua hukuniletea. Njoo, mume wangu."

Nikapanda. Theluji ilishuka dirishani polepole, bega la Bibi lilikuwa na joto, na wale wawili waliendelea kuanguka, bila sauti, kama watu wa ndotoni.

"Kwa nini wanapigana," niliuliza, "badala ya kumwuliza yeye anamtaka nani?"

"Wakimwuliza," Babu akajibu kutoka zuliani, "filamu itaisha."

Siku hizi mpwa wangu hutazama video za sekunde kumi na kulalamika kwamba ni ndefu. Hucheka peke yake, masikio ameyaziba kwa vipokea sauti. Labda anafurahi kuliko sisi. Sina ushahidi.

Bibi alifariki majira ya baridi yaliyopita. Baada ya arobaini nilikwenda kwa Babu, nikaiweka ile kanda. Wanaume walipigana, Babu kimya. Niliogopa kwamba sauti zao tumezizika pamoja na Bibi. Basi nikaanza mimi.

"Bibi, maua yangu imeanguka kwa ajili yako."

Ngazi ikaanguka. Keki ikapaa.

"Yameanguka," Babu akasema. "Mpaka leo hujui ngeli."

Nilipomgeukia ndipo nikagundua kwamba sote tumekaa kwenye zulia, na kochi liko tupu. Enzi zile alishindwa mmoja wetu tu.