Kovu la Maji ya Moto

Bado nina hasira, na sitaki mtu anitulize.

Ninatunza wazee huku Upplands Väsby, Uswidi. Miongoni mwao alikuwemo bibi mmoja Mjapani, mjane wa Mswidi. Ameshafariki, ndiyo maana nasema. Alikuwa na kovu nene kutoka shingoni hadi kiunoni. Faili lake lilisema aliungua kwa maji ya moto utotoni. Asubuhi moja namwogesha, akaniuliza kwetu ni wapi. Nikamwambia ni Kongo, Katanga, karibu na Likasi, ambako babu yangu alichimba urani iliyotumika kutengeneza bomu la Hiroshima. Kwetu hilo kila mtu analijua, nami nililisema hivihivi tu, bila kufikiri.

 Akasema siku bomu lile lilipoanguka alikuwa Hiroshima, mtoto wa miaka sita.

Nilidhani atanifukuza. Badala yake akauliza kama babu aliambiwa mawe yale ni ya nini. Nikamjibu kwamba hakuambiwa kitu, alipewa sepetu na matusi.

"Na sisi hatukuambiwa," akasema.

Siku zilizofuata akanisimulia lililonichoma zaidi. Usichanani alichumbiwa. Wakwe watarajiwa wakamlipa mtu azunguke mtaani kwao kuulizia habari zake, kama ilivyokuwa desturi yao kabla ya ndoa. Walipojua aliunguzwa na bomu, uchumba ukavunjwa. Eti atazaa watoto wabovu. Jamani! Mtu aunguzwe na adui, halafu watu wake mwenyewe wamwone uchafu! Na serikali yao, miaka ile ya mwanzo, iliwaacha walioungua wajiuguze wenyewe. Akahama nchi, akaolewa huku, na hata kwa mumewe akasema kovu ni la maji ya moto.

Niliwaka. Nikamsihi aseme sasa, huku hakuna wa kumpeleleza. Akakataa katakata, akaniapisha nisimwambie mtu, kwa sababu mjukuu wake alikuwa mjamzito.

Jumapili moja mjukuu huyo akaja, tumbo limeshachomoza, akatukuta namvalisha bibi yake. Alikuwa ameulizwa kliniki kuhusu magonjwa ya ukoo. Akamwuliza bibi yake kovu lile lilitokana na nini hasa. Bibi akainamia vifungo vya nguo yake. Basi mjukuu akanigeukia mimi.

Bibi akanikazia macho. Waliomchimbisha babu, waliorusha bomu, waliovunja uchumba, wote wamezikwa kwa heshima zao, na aibu wamemwachia huyu aifiche mpaka kaburini. Sasa na mimi niwasaidie kuificha!

"Ni maji ya moto," nikasema.

Mjukuu akashusha pumzi, akapapasa tumbo lake, akaenda kutafuta kahawa. Mlango ulipofungwa, bibi akainuka kwa shida kutoka kitandani, akajishikiza kwenye kiti, akaniinamia kichwa kunishukuru. Akainama chini kabisa, mimi mjukuu wa mchimbaji nimesimama mbele yake, nikitamani kumpigia kelele aache.