Mguu wa Bi Time

Karatasi za zamani zina harufu yao. Ukitaka kuijua, fungua kabati ambalo halijaguswa masika mawili matatu, lenye madaftari yaliyopandana na dawa ya mende iliyokwisha kuwa unga, kisha vuta pumzi. Wengine hupiga chafya. Mimi humwona baba yangu ameinama juu ya meza ndefu katika nyumba ya nyaraka kule Unguja, kidole chake kikishuka polepole juu ya majina ya watu waliokwenda vitani.

Nilikuwa na miaka kumi. Tulikaa Kiuyu, kaskazini ya Pemba: baba, mama, mimi, na Bi Time, bibi yangu mzaa baba. Baba alikuwa mwalimu. Hakuwahi kumwona baba yake, kwani babu yangu, Faki Hamadi, alikwenda vita vya pili vya Mwingereza akamwacha mkewe na mimba. Vita vikaisha. Wenzake wakarudi na makoti mazito yasiyofaa kwa joto letu na hadithi zisizokwisha za vita vya Bama. Yeye hakurudi. Wako waliosema kafa. Wako waliosema hajafa wala nini, kaoa Mombasa, ana duka na watoto. Bibi hakusema lolote. Alikuwa msichana alipoachwa, na wachumba walikuja akawarudisha mmoja mmoja. Angeweza kwenda kwa kadhi akafunguliwa ndoa, hakwenda. Hata jina la mumewe hakulitamka, kama walivyokuwa wake wa zamani. Alimwita "baba Hamadi" tu, kwa jina la mwanawe, yaani baba yangu.

Baba aliandika barua kwa ofisi hii na ile kwa miaka, mpaka siku moja akajibiwa kwamba madaftari ya askari wa visiwani yapo Unguja, aende akatazame mwenyewe. Nililia mpaka nikachukuliwa. Asubuhi ya safari bibi alitufungia mikate sita ya mofa. Mama akauliza ni ya nani yote hiyo, watu wenyewe wawili. Bibi akasema huko waendako hakujulikani.

Nyumba ile ya nyaraka ilikuwa kimya kuliko msikiti. Mwanamke mmoja wa miwani alituletea madaftari makubwa, akatukataza kalamu ya wino, akanitazama mikono yangu mbele na nyuma kabla hajaniruhusu kukaa. Siku ya kwanza hatukuona kitu. Siku ya pili, kabla ya adhuhuri, tukamwona Faki Hamadi. Tukafunua kurasa chache mbele tukamwona Faki Hamadi mwingine. Wote wawili wa Pemba, wote wa upande wa Wete, waliandikishwa mwaka mmoja.

Baba alinisomea kwa kunong'ona, akinifasiria Kiingereza chao. Wa kwanza alipigana, akapewa nishani, vita vilipokwisha akaachishwa jeshi huko huko bara. Hakukuwa na habari zake tena. Wa pili aliugua homa njiani na kufia hospitali ya jeshi kabla hajasikia hata mlio wa bunduki. Mwishoni mwa kila mstari palikuwa na alama ya mwili. Wa kwanza ana kovu la kipaji cha uso. Wa pili hana kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto.

"Huyu wa kwanza alipona," baba alisema, na alitabasamu. Sijasahau tabasamu lile. Miaka yote nilimsikia akisema kwamba kama baba yake yu hai Mombasa, hataki kumwona. Kumbe alikuwa akimtaka hivyo hivyo, na duka lake, na mke wake wa pili.

Mimi nilikuwa na jibu. Kila nilipomenya muhogo, bibi alinigombeza: "Kaa vyema na kisu weye! Babu yako kakatika kidole cha mwisho kwa upuuzi kama huo." Nikalisema jibu langu kwa furaha, kama mtoto aliyenyoosha mkono darasani.

Baba alivua miwani.

"Mkono gani?"

"Wa kushoto. Bibi huonesha hivi."

Akachukua penseli akaunakili ule mstari wa pili. Mstari mmoja tu, lakini aliuandika muda mrefu, kisha akatoka uani kunawa uso. Mimi nikala mofa.

Tuliporudi Kiuyu, bibi alitusubiri barazani, kavaa leso mpya. Baba alimsomea karatasi yote. Alipofika kwenye kidole, bibi akamzuia kwa mkono.

"Basi ndiye," alisema. "Kafa mwezi gani?"

Baba alikuwa na tarehe ya kizungu. Alikwenda kwa Shehe Othmani, imamu wetu, wakapiga hesabu pamoja, akarudi kumwambia kuwa ilikuwa Rajabu. Bibi alihesabu miaka kwa kukunja vidole.

"Rajabu hiyo ndo arusi ya ndugu yangu. Mie n'litia hina mpaka viwikoni. N'lijipamba, Hamadi, na baba yako yumo mchangani."

Alilia bila sauti. Nilikuwa sijawahi kumwona akilia, nikaogopa, nikaenda kukaa jikoni kwa mama.

Alitaka kukaa eda. Nilijua eda ni nini, kila mtoto wa Kiuyu alijua: mke akifiwa hukaa ndani miezi minne na siku kumi, hajipambi, hajitii manukato, hatoki ila kwa dharura. Shehe Othmani alikuja akasimama mlangoni. Alizungumza kwa upole, kama mtu anayeleta habari njema.

"Bi Time, eda huhesabiwa tangu siku aliyokufa mume. Yako ishapita zamani. Huna eda."

"Ishapita, nami sina habari?"

"Ndiyo sharia, Bi."

"Alhamdulillahi," alisema bibi.

Hitma ikasomwa, wali ukaliwa, watu wakaenda zao. Kesho yake mguu wa bibi ukaanza kuuma.

Uliuma kweli kweli, kwa maneno yake. Haukuweza kufika kisimani, wala shamba, wala arusini. Vipuli alivivua, akasema vinamwasha. Udi nao alisema unampalia. Kazi zake zote ziliniangukia mimi. Nilichota maji, nilikwenda kuni, nilianika karafuu na kuzianua wingu likitanda, huku wenzangu wakicheza mbele ya macho yangu. Na kila asubuhi aliniuliza mwezi umekwenda ngapi, kama mtu mwenye safari. Niliuchunguza sana ule mguu. Haukuvimba. Haukuwa na kidonda. Nikaanza kumchukia, nasema kweli, maana alikaa tu kitako wakati mimi mabega yameniota sugu.

Alasiri moja nikaamua kumfichua. Nikaingia ndani mbio, nikapiga kelele, "Bibi! Baba kaanguka mkarafuuni!"

Alinipita kama msichana. Hakuvaa viatu wala hakujitanda. Alikimbia mpaka pembe ya msikiti, na watu wanamtazama, na mimi nyuma yake nacheka, nasema, "Mguu umepona! Mguu umepona!"

Akasimama. Akaitazama njia iliyokuwa tupu, kisha akanitazama mimi. Nilisubiri kofi. Alijifunika kichwa kwa pindo la leso.

"Ingia ndani, mwanangu," alisema. "Jua kali."

Mguu uliendelea kuuma miezi mingine mingi. Masika yalikuja yakaisha nikiwa bado nachota maji. Halafu asubuhi moja bibi alioga, akavaa vipuli vyake, akaniambia nichukue pakacha twende shamba. Nikalichukua tukaenda. Aliishi miaka mingine kumi na moja, na sikumsikia tena akiulalamikia ule mguu.

Mume wangu alifariki mwaka juzi. Nilikaa eda, na sikukaa peke yangu hata siku moja. Majirani walikuja na vyungu vyao, wanangu walipeana zamu, na mama yangu, ambaye sasa ni kikongwe, alihamia kwangu na mkeka wake. Mchana mmoja, ili tucheke kidogo, nikamkumbusha kisa cha mguu wa bibi. Mama hakucheka.

"Ule mguu haukuwa ukiuma, mwanangu. Alikuwa akikaa eda yake."

"Shehe si alisema hana eda?"

"Alisema. Nasi tukamwachia. Baba yako alijua, mie n'lijua. Hata Shehe nadhani kajua, maana hakumuuliza hata siku moja mbona haonekani."

"Mbona hamkuniambia?"

"Ungetangaza mji mzima. Ulikuwa na kinywa weye."

Ni kweli, nilikuwa nacho. Nikamuuliza kuhusu siku ile niliyomdanganya bibi akakimbia mpaka msikitini. Mama alikuwa akichambua mchele, akaendelea kuchambua.

"Siku ile zilibaki siku tisa," alisema.

"Kisha?"

"Alisema ishaharibika. Akaanza tena moja."

Nilizihesabu kichwani, miezi minne na siku kumi nyingine, ndani ya chumba kisicho na udi wala mgeni wa kumliwaza, na mwenziwe pekee ni mtoto aliyenuna na ndoo mlangoni. Na asubuhi ya pili baada ya siku ile, nakumbuka, aliniuliza tena mwezi umekwenda ngapi, kwa sauti yake ile ile, nami nikamjibu kwa ukali.

Eda yangu ilikwisha kwa siku yake. Wanawake walikuja kunitoa, wakaniogesha, wakanivisha. Nililia kuliko siku ya maziko, wakanishika mabega wakanambia nimwombee dua marehemu. Nikamwombea. Sikuwaambia ni yupi.