Asali Kwanza, Mtoto Baadaye

Watu wa Githongo wakisikia nilishindwa kortini husema hakimu alihongwa. Wee! Natamani angehongwa. Ningekuwa na mtu wa kulaani.

Nilirudi kwa baba na msichana wangu mgongoni. Mume wangu, mfanyabiashara wa miraa kule Laare, alikuwa ameleta mwanamke mwingine nyumbani kwangu akaniambia nizoee. Sikuzoea. Mama alinipokea kwa chai na machozi. Baba alimtazama mtoto, kisha akaniuliza kama mahari imerudishwa.

"Baba, nimetoka kule mbio. Ningerudisha mahari na nini?"

"Basi huyu ni mtoto wa watu. Hakai hapa. Mimi si mwizi."

Baba ni mzee wa kanisa na mkulima wa kahawa. Akiazima jembe la jirani, hulirudisha limeoshwa. Na kwetu, mahari ikishakamilika, mtoto ni wa ukoo wa baba yake. Ukimtaka, rudisha kwanza walichotoa. Asubuhi alimbeba msichana wangu hadi Laare akamkabidhi kwa mikono yake mwenyewe, mtoto ambaye hata jina lake alikuwa hajaweza kulitamka sawasawa. Akarudi akaniambia, "Vumilia, mama. Tutarudisha mahari, halafu tumlete kwa heshima." Kwa heshima! Heshima hiyo naigharamia mpaka leo.

Sasa sikia jinsi mtu mnyofu anavyorudisha mahari. Ng'ombe na kondoo dume hawakusumbua. Shida ilikuwa mwati, yaani kondoo jike ambaye hajazaa. Baba alimpata mzuri, mweupe. Lakini wazee wa ukoo walioahidi kutupeleka wakaahirisha kwa sababu ya matanga, wakaahirisha tena kwa sababu ya mavuno ya kahawa, na walipokuwa tayari mwati alikuwa ameshapata mimba. Huyo si mwati tena. Tukaanza upya.

Halafu ikaja asali. Wazee wa upande wa mume wangu walitaka asali ya mzinga. Baba alizoea kuinunua kwa mtu wa Ishiara, lakini jua lilikuwa limeunguza kila kitu kule na nyuki walikuwa wamehama. Nikamwambia tununue ya duka.

"Ya duka ni sukari," akasema. "Unataka waseme tumewadanganya?"

"Nataka mtoto wangu, baba!"

"Mvua itanyesha."

Tukangoja mvua. Nilikuwa nashona sare za shule katika kibanda changu sokoni, nikipima watoto wa wenzangu mabega na viuno. Kila nilipojaribu kwenda Laare kumwona wangu nilifukuzwa langoni: maliza kwanza mambo ya wazee. Kwa hivyo alikua bila mimi. Nilijua anakua, kwa sababu hata hao niliowapima walikuwa wakirudi sketi zikiwa zimewafupia.

Mvua ilinyesha, asali ikapatikana, wazee wakaila wakatangaza kwamba sasa niko huru. Baba akaomba mjukuu wake kwa sauti ya upole. Mume wangu akajibu, "Mahari nimepokea, asanteni. Mtoto simtoi." Baba akainuka akaaga. Alikuwa ameshamaliza kila alichojua.

Mteja wangu mmoja, karani wa korti, ndiye aliyenifumbua macho nilipokuwa nikimpunguzia gauni. "Dada, nani alikuambia kondoo anavunja ndoa? Hata ya kimila huvunjwa kortini siku hizi. Na kwa mtoto, sheria ya sasa inasema mama na baba wako sawa, mahari iwe imelipwa au isilipwe. Ungekuja wiki ile ile uliyotoka." Wiki ile ile! Nilikata uzi nikajikata na kidole.

Nikafungua kesi, ikasikilizwa kwa simu ya video. Nilikaa kibandani, simu nimeiegemeza kwenye cherehani, hakimu akiwa kwenye kadirisha kadogo juu na mume wangu kwenye kengine chini. Afisa wa watoto alisoma ripoti yake: mtoto ana afya, anafanya vizuri shuleni, anamwita mke wa baba yake mama. Nikajibu kwamba mama ni mimi. Hakimu aliniuliza bila ukali, "Muda huu wote, mbona hukuja mbele ya korti?"

Nikasema ukweli. "Tulikuwa tunatafuta asali."

Mtu fulani alikuwa amesahau kuzima maikrofoni. Alicheka.

Hakimu alisema sheria haimpendelei baba wala mama, inaangalia maslahi ya mtoto, na mtoto aliyetulia mahali hang'olewi. Abaki Laare. Wazazi wote wawili wachangie matunzo yake. Mimi nipewe likizo za shule. Nimelitafuta kosa katika maneno yale hata leo na sijaliona. Hilo ndilo linaloniua. Sheria nzuri, hakimu mzuri, baba mwaminifu, na mtoto hayuko.

Likizo ya kwanza waliniletea. Mama alikaanga kuku, baba akavaa koti lake la kanisani. Msichana wangu alisimama mlangoni na mkoba kifuani, mrefu, meno ya mbele yameng'oka. Nikamwambia, "Ingia, ni kwenu." Akakaa kwenye ukingo wa kiti. Alikula kidogo, akashukuru, akaosha sahani yake bila kuambiwa. Amefunzwa vizuri, lazima niseme. Kisha akaja mbele yangu akaniinamishia kichwa nimbariki, kama mtoto anavyowafanyia wageni wa heshima.

"Shangazi," akasema, "mama atakuja kunichukua lini?"

Baba alikuwa pale, kikombe mkononi. Alinitazama, akaangalia chini.

Nikamwambia mama atakuja shule zikikaribia kufunguliwa.