Mihogo Kando ya Reli Iliyong'olewa

Mama ndiye aliyegundua kwamba nyuma ya nyumba yetu paliwahi kupita treni. Mimi nilikuwa nimeishi pale Saint Louis Park, huku Amerika, miaka mitatu kabla yeye hajaletwa kutoka kambi ya wakimbizi, na kila asubuhi niliivuka ile njia ya baiskeli nikienda kituo cha basi, nisijue kitu. Yeye aliikanyaga mara moja tu, akasimama.

“Hii ni reli.”

“Mama, ni njia ya baiskeli. Tazama mistari waliyochora.”

“Njia ya watu hupanda na kushuka. Hii haipandi. Na kona yake inakuja polepole, kama mtu anayegeuka usingizini. Walikuwa na treni hapa, wakaing'oa.”

Nilicheka. Kwetu Kalemie tulikaa kando ya reli, nikadhani anawaza nyumbani tu.

Tangu siku hiyo alikwenda kuketi pale kwenye majani kila alasiri. Baiskeli zilipita na mlio mwembamba, kama mvua inayoanza mbali. Alisema akifumba macho anasikia mtetemo kwenye nyayo, unakua, halafu unaisha na treni haifiki. Siku nyingine nilikaa naye nikafumba macho pia. Siwezi kusema sikusikia kitu.

Mwezi wa nane nilirudi kutoka kazini, kule ninakofua nguo za wazee kwenye nyumba ya kulelea wazee. Nikamkuta ametandika vitenge vitatu kwenye ukingo wa lami, vimejaa mihogo iliyomenywa na kulowekwa, naye ameketi na kijiti akifukuza ndege. Kwetu akina mama wote walianika hivyo. Mawe ya reli hushika joto, na treni yenyewe ilikuja siku ikipenda. Waendesha baiskeli walikuwa wanapunguza mwendo na kumzunguka. Mzee mmoja mwenye helmeti ya njano alikuwa amesimama kabisa, anatazama.

Nilianza kuikusanya mihogo kwa mikono miwili.

“Unataka watufukuze? Unataka waseme sisi ni washenzi? Hapa si kwenu, mama!”

Nilisema kwa sauti, mbele ya watu. Mama alikunja vitenge vyake.

Baada ya hapo hakutoka tena. Nikimwambia twende tukanyooshe miguu, anasema, “Nikafanye nini? Si kwetu.” Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililoniuma. Kwetu mtoto akimkosea mzazi hupiga magoti na kulitaja kosa lake kwa kinywa chake. Mimi nilimnunulia samaki. Alikula, akashukuru.

Majani ya miti yalipokwisha kuanguka, yule mzee wa helmeti alinisimamisha njiani. Akauliza yuko wapi yule mama aliyekuwa anaanika chakula. Alisema amezaliwa mitaa miwili kutoka pale, na kwamba treni za ngano zilipita hapo hapo tuliposimama. Mabehewa yalikuwa yanavuja. Asubuhi mama yake alishuka na ufagio na gunia, akazoa ngano iliyomwagika, chakula cha kuku wake. Mzee alipomwona mama yangu na mihogo, alimkumbuka wake.

Jioni ile nilimsimulia mama. Aliacha kumenya kitunguu.

“Si nilikwambia?”

“Uliniambia.”

“Kuku wangapi?”

“Sikuuliza.”

“Na treni ikipiga honi, alikimbilia upande gani?”

“Mama, sikuuliza!”

“Wewe huwezi kutumwa mahali.” Akacheka hadi akafuta macho. “Mzungu yule, kumbe kazaliwa na mama mwenye akili.”

Jumamosi aliomba koti. Theluji ya kwanza ilikuwa inaanguka bila upepo, na njia ilikwenda mbele nyeupe, haina mwisho, haina mtu. Mama alishika mkono wangu. Hatua zetu hazikutoa sauti. Nilijiambia, tukifika kwenye daraja lililo mbele nitapiga magoti.

Tulifika. Mama alikuwa anazungumza tu. Alinionyesha mahali ambapo mwanamke yule lazima alisimama na ufagio wake, kwa sababu kwenye kona treni hupunguza mwendo na behewa hutikisika. Alifagia theluji kidogo kwa kiatu, kuonyesha. Alikuwa na furaha kuliko nilivyowahi kumwona tangu afike Amerika. Nikasema moyoni kwamba nikipiga magoti sasa nitaiharibu furaha hiyo. Lakini sivyo. Niliogopa.

Akasema anasikia baridi, tukarudi.

Mama alifariki mwezi wa tatu, hospitalini, kwa ugonjwa wa mapafu, akiwa amelala. Watu wa kanisani wananiambia alijua ninajuta, kwamba mzazi hujua. Huenda. Lakini kosa husemwa kwa kinywa, na msimu wote ule wa baridi, tukila meza moja, mimi sikulisema.